Sahani Iliyofunikwa

Miguu ya Minza Lufungulo ilikuwa imeumuka kama maandazi. Aliitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaegemea ukuta wa mwamba, akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu alfajiri. Kumbi kumi na mbili! Siku nzima alikuwa akipanda na kushuka majabali ya Mwanza, akiingia jabali hili na kutokea lile, kikuku mkononi, kitambaa chekundu cha Shahidi begani, akitazama kila kilichoumbwa mwaka ule kwa udongo mtiifu, ule unaogeuka chochote anachotaka msanii. Jicho nalo lina tumbo lake, na la Minza lilikuwa limevimbiwa.

Chini ya dirisha, uwanjani, sufuria ziligongana na watu walicheka. Maelfu ya waliozunguka kumbi walikuwa wanajipanga kwa chakula cha jioni, kinacholiwa kwa pamoja hukumu ya mashindano ikishatamkwa. Bado alikuwa na muda. Alifumba macho aicheue siku yake taratibu kama afanyavyo ng'ombe akishafika zizini.

Ukumbi wa pili: mvua inayonyesha kutoka sakafuni kwenda darini, na watoto wakiirukia kuikanyaga. Ukumbi wa tano: mawe yanayoimba kwa sauti ya yule anayeyakaribia, lakini sauti aliyokuwa nayo ujanani. Lo, jinsi wazee walivyogombania kusimama karibu! Ukumbi wa saba: mji mtupu ambao milango yake inakuamkia. Halafu ukumbi wa kumi na moja, "Mama Ananiita", kazi iliyokuwa midomoni mwa kila mtu. Unaingia gizani. Unasikia jina lako la utotoni. Unageuka, na mbele yako udongo unajifinyanga sura. Udongo huo unaunusa moyo wako kupitia kikuku, unabadilisha pua, unabadilisha macho, mpaka moyo uruke. Unapotoka umeshamwona mama yako. Watu walitoka pale wakishikiliwa mikono. Minza naye alilia, tena kwa sauti.

Ilikuwa siku ya ushindi kwa jiji zima, na yeye alijua mchango wake. Zamani, alipokuwa msichana, majaji walichagua kwa macho na kwa ukoo. Mwaka ambao yeye aliumba ndege wake wa kwanza, jaji mkuu alimpa ushindi mkwewe, aliyekuwa amefinyanga mamba. Na kwa kuwa udongo mtiifu ni mchache na ni mali ya jiji, kazi zote zilizoshindwa zililegezwa jioni ileile zikawa tope bwawani, ndege wa Minza akiwemo. Mamba akapigwa umeme, akawa jiwe la milele. Yupo hadi leo pale njiapanda ya majabali, ana miguu mitano. Watalii hupiga naye picha wakicheka, na kila Minza alipopita pale aligeuza uso.

Ndipo alipoapa. Miaka ilipita, akaacha kufinyanga, akaingia kwenye mabaraza, akapigania Mizani mpaka ikasimama. Mizani haiulizi mtu kitu. Kikuku kinasoma mapigo, pumzi na jasho la kila anayeingia ukumbini. Uwanjani, nguzo kumi na mbili za udongo hupanda kwa kadiri ya miili ilivyoguswa. Nguzo ndefu ndiyo mshindi. Shahidi kazi yake ni kuzunguka kumbi zote, kisha jioni kutamka neno moja, "Nimeshuhudia," na hapo hukumu inafungwa. Minza mwenyewe ndiye aliyetunga msemo ambao siku hizi hata wauza karanga wanautumia: Mizani haina wifi wala shemeji.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Koku, mhandisi anayeilea Mizani, sinia la chakula mkono mmoja, kishikwambi mkono mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana? Umekutana na mtu aliyesoma kuliko wewe?"

"Mtu huyo hajazaliwa, mama," Koku alijibu papo hapo, kama inavyompasa binti wa Kihaya, lakini hakucheka. Aliweka sinia mezani: ugali wa muhogo, mlenda, na sato mzima wa kuchemsha. "Nimekuja na vipimo vya mwisho. Nguzo ya 'Mama' imepita paa la jukwaa. Hakuna atakayeikaribia."

"Sawa. Inastahili."

"Na nguzo ya tisa..." Koku alisita. "Mama, haijafika hata kimo cha kigoda. Tangu Mizani isimikwe, sijaona nguzo fupi namna ile. Nilitaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wenye midomo."

Minza alinyanyua mguu mmoja majini, akaurudisha. Ukumbi wa tisa ulikuwa wa Nyanzobe. Nyanzobe ni dada wa Masalu, na Masalu alikuwa mume wa Minza.

Alikuwa karibu ausahau ukumbi ule kabisa. Chumba kitupu, mkeka, meza fupi. Nyanzobe mwenyewe alisimama mlangoni na birika na beseni, akawanawisha wageni mikono mmoja mmoja, kama mwenye nyumba. Mezani ilikuwepo sahani moja, imefunikwa kwa sahani nyingine, na ubavu wake ulikuwa na joto kidogo. Basi. Mgeni alipomaliza kunawa aliulizwa swali moja: "Unamwekea nani?" Mbele ya Minza alisimama mwanamume mnene, muuza nyama wa sokoni, akajibu kwa sauti, "Namwekea mbwa wangu!" na foleni nzima ikaangua kicheko. Kisha zamu ya Minza ikafika.

"Mwadila, wifi," Nyanzobe alimsalimu Kisukuma, bila kumtazama usoni, akammiminia maji. "Unamwekea nani?"

"Simwekei mtu," Minza alijibu. Akajifuta mikono, akatoka. Kazi nyingine zilimngoja.

Kulikuwa na kisa nyuma ya jibu lile. Masalu alipanda kwenda kituo cha anga kufunga mitambo ya jua, na chombo kilichokuwa kimrudishe hakikurudi. Wakati wote wa kungoja, nyumba ile iliweka sahani yake kila jioni, imefunikwa, kama nyumba yoyote inavyomwekea aliyechelewa. Ilipofika arobaini, Minza aliosha sahani akairudisha kabatini. Alikuwa amechoka kutupa chakula asubuhi. Nyanzobe alisimama katikati ya jiko akasema mbele za watu, "Umemfukuza kaka yangu mezani." Tangu siku ile walisalimiana tu, tena kwa sababu kutosalimiana ni aibu.

"Nilipita na mimi," Koku alikuwa anasema. "Kusema kweli mama, niliboreka. Nilinawa, nikasema sijui, nikatoka. Kwa kweli sikuona kitu."

"Hata mimi," Minza alisema. "Lete nile. Njaa haina Mizani."

Aliosha mikono. Akachukua sahani, akakata ugali, akachota mlenda, akamgawa sato. Alikuwa anawaza yale mawe yanayoimba, anawaza kama mwakani watoto waruhusiwe kuingia ukumbi wa mvua bila viatu. Mkono wake ulivuta sahani ya pili. Mkono wake ulimega kipande kizuri cha ugali, ukaweka pembeni, ukachukua kichwa cha samaki ukakiegemeza hapo. Mkono wake ulifunika.

Minza hali kichwa cha samaki. Nyumba nzima hakuna aliyewahi kukila, ila mtu mmoja, aliyekuwa akikifyonza mpaka jicho, akisema utamu wote wa ziwa umejificha mle.

Alibaki akiitazama ile sahani. Kisha kitu kikamjia kutoka chini kabisa, polepole, kikapanda kifuani na kujaa, na alipofungua mdomo hakutoka kilio bali jina.

"Masalu."

Haikuwa huzuni tu, angeapa hivyo mbele ya yeyote. Ilikuwa pia furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mumewe alikuwa amechelewa tu. Alikuwa na mahali mezani.

Kishikwambi cha Koku kililia. Msichana alikiinua, akakikodolea macho, akamgeukia Minza.

"Mama, hukuzima kikuku."

"Nimesahau. Kinasemaje?"

"Kinasema..." Koku aliketi chini bila kukaribishwa. "Mama, haya mapigo ni makubwa kuliko ya ukumbi wa 'Mama'. Makubwa mara nyingi. Na ni ya ukumbi wa tisa."

"Unajuaje ni ya tisa?"

"Kila kazi huacha nyayo zake mwilini, kama harufu ya mchuzi kwenye nguo. Mizani inazijua zote. Za ukumbi wa tisa mchana zilikuwa ndogo kama za kuku, lakini ni zake. Sasa ndizo hizi, zimekuwa za tembo."

"Basi kwa nini Mizani haizihesabu?"

Koku alimtazama kwa huruma. "Imeamriwa isihesabu chochote mtu akishavuka kizingiti kutoka ukumbini. Ili asije mjanja akawapitia watu nyumbani na kuwashawishi."

"Aliyeamuru hivyo ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Minza alitoa miguu majini, akaikausha kwa upindo wa kitenge, akavaa viatu vilivyokuwa vinambana.

*

Ukumbi wa tisa haukuwa mbali, ngazi chache tu kushuka. Nyanzobe alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, anamwaga maji machafu kutoka beseni hadi ndoo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kaka yake. Jambo hilo lilimuuma Minza kila alipomwona, na leo lilimuuma zaidi.

"Umekuja kunipa pole?" Nyanzobe aliuliza. "Kigoda changu nimekiona toka hapa. Wameshanitania vya kutosha, usiongeze."

"Wifi, ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba kazi yako haiko humu ndani. Umeitega. Mtu anatoka nayo bila kujua, inakuja kumkamata mbele ya chakula chake."

Nyanzobe aliweka beseni chini. Uso wake ulilegea, halafu ukakaza tena kama kamba iliyovutwa.

"Nani amekuambia?"

"Mkono wangu."

Nyanzobe aliutazama mkono huo. Nje, mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti.

"Basi inatosha," Nyanzobe alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kama imekufika wewe, inatosha. Sikuitengenezea nguzo."

"Haitoshi. Ikilegezwa leo, kesho ni tope."

"Iwe tope." Nyanzobe alisimama, na sasa alikuwa mkali. "Nisikilize, Minza. Usithubutu kunipendelea. Mji mzima unajua mimi ni wifi yako. Ukisimama pale na kusema neno moja kwa ajili yangu, sahani yangu itakaa jabalini karibu na yule mamba, na watu watapiga nayo picha wakicheka. Heri tope mara mia. Kaka yangu simwekei chakula cha rushwa."

Minza aligeuka. Alitoka, akasimama kwenye ngazi, upepo wa ziwa ukimpiga usoni. Kule njiapanda mamba alionekana, na mguu wake wa tano ukiwa umenyooka kama unaomba lifti.

Alilipima jambo lile kila upande. Shahidi alikuwa na neno jingine ambalo halijawahi kutamkwa: "Bado." Akilitamka, hukumu inasimama na kipimo kinarudiwa mbele ya umma kwa namna atakayoamua. Minza alikuwa ameliweka kwa ajili ya siku ambayo mitambo ingeharibika. Mitambo haikuharibika. Akisema bado leo, mwakani Shahidi mwingine atasema bado kwa ajili ya mwanawe, na mwaka ufuatao kwa ajili ya mkwewe, na mamba atapata ndugu. Asiposema, atakuwa amesimama mbele ya maelfu na kutamka "Nimeshuhudia" kwa hukumu ambayo mwili wake mwenyewe umeikana. Kunyamaza ni uongo, na kusema ni kuwafungulia waongo mlango.

Basi, aliwaza akishuka, kama lazima mlango ufunguliwe, uwe mlango wa kumgharimu anayeupita.

*

Bituro, mwenyekiti wa mashindano, alimkuta Minza mbele ya jukwaa, kijiko tayari mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima na roho safi; kati ya wote waliopigania Mizani pamoja na Minza, ndiye pekee aliyekuwa bado hai na bado anapenda kula.

"Dada, sema neno lako tule. Nguzo haina mjadala."

"Nitasema bado."

Kijiko kilishuka. Minza alimweleza yote kwa kifupi: mkono, kichwa cha samaki, nyayo. Hakumficha hata lile la wifi.

"Unanitania," Bituro alisema. "Minza! Ni wewe uliyesema haina wifi. Tena Waswahili walishasema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Watu wameguswa mchana, wamepimwa mchana, imekwisha."

"Na asiyekuwa na njaa mchana je, akaipata jioni? Bituro, sisi tulipima mate. Hatukupima shibe."

"Watasema umeula. Watasema kujuana kumerudi."

"Ndiyo maana nitatoa kitambaa. Nikishinda au nikishindwa, leo ni siku yangu ya mwisho. Na iwe hivyo milele: Shahidi akitamka bado, hilo ndilo neno lake la mwisho. Nani atauza cheo chake kwa ajili ya mkwe mwenye mamba?"

Bituro alikitazama kitambaa begani. Alijua kitambaa kile kilikuwa nini kwake. Minza alikuwa amekivaa tangu siku Mizani iliposimikwa; hakuwa na ndege, hakuwa na mume, alikuwa na kitambaa. Macho ya mwenyekiti yalilowa kidogo, akajifanya ni moshi wa majiko.

"Panda," alisema.

Minza alipanda. Nyuma yake nguzo kumi na mbili zilisimama chini ya taa, ile ya kumi na moja ikiwa ndefu kupita paa, ya tisa ikiwa kama kisiki kilichosahaulika shambani. Uwanja ukanyamaza, watu wakiwa tayari kupiga makofi.

"Bado," alisema Minza.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia.

"Bado. Sijashuhudia. Kipimo kitarudiwa, na kitarudiwa sasa hivi, hapa mlipokaa. Vikuku viwashwe. Na mjue kwamba miongoni mwa wasanii yupo wifi yangu. Kikuku changu nakivua, kisihesabiwe." Alikivua, akakiweka sakafuni. "Na kitambaa hiki nakivua vilevile baada ya hukumu, itakavyokuwa. Mkitaka kunitukana, nitukaneni."

Hawakusita. "Haina wifi, eti!" mtu alipaza sauti. "Leo Mizani imeolewa!" mwingine akadakia. "Mahari ni ng'ombe wangapi?" Kicheko kilipiga majabali kikarudi. Minza alisimama akakipokea chote. Uso ulimwaka moto, lakini hakutaja ukumbi wa tisa wala hakutamka neno sahani. Kama ile kazi haikuwa na nguvu ya kusimama bila yeye, basi iwe tope.

"Tufanye nini sasa?" Bituro aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Mle," Minza alisema. "Chakula kinapoa."

Kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko siku nzima. Ugali ulipakuliwa, samaki wakagawanywa, watu wakala huku wakimnyooshea vidole. Nguzo ya kumi na moja ilianza kushuka. Haikuanguka, ilishuka tu kwa utulivu, kwa maana machozi ya mchana yalikuwa yameshakauka na watu walikuwa wanaongea mambo ya nauli. Nyingine zilichezacheza. Ya mvua ilipanda kidogo kwenye meza za watoto. Ya tisa haikutikisika. Koku, aliyesimama na kishikwambi chini ya jukwaa, alitikisa kichwa. Kando ya uwanja Minza alimwona Nyanzobe amesimama na birika lake, amekasirika mpaka midomo imepauka.

Nimemuua Masalu mara mbili, Minza aliwaza.

Ndipo macho yake yalipomwangukia yule muuza nyama. Alikuwa amekaa meza ya mbele, anakula kwa vidole vitano na kuongea kwa sauti ya kunadi. Alichukua paja la kuku, akalipeleka mdomoni. Likaishia hewani. Alilitazama kama mtu aliyeitwa. Akaacha kuongea. Kisha akamgeukia mama aliyekuwa akipakua, akamwambia kwa adabu ambayo hakuna aliyemjua nayo:

"Mama, samahani. Naomba sahani nyingine. Tupu."

Aliweka lile paja. Akaweka ugali, akautengeneza vizuri kwa kiganja. Akafunika. Halafu muuza nyama, aliyesema mchana kwamba anamwekea mbwa wake, aliinamisha kichwa juu ya mikono yake akalia kama mtoto.

"Ni nani?" mkewe alimuuliza kwa kunong'ona.

"Ni Daudi. Mdogo wangu. Aliondoka tumegombana."

Meza ya pili, bibi mmoja alifunika. Nyuma yake, wasichana wawili walioonekana mapacha walifunika sahani moja kwa pamoja bila kuangaliana. Kisha ilienea. Haikuwa kelele, ilikuwa mlio mdogo wa sahani kukutana na sahani, hapa, pale, kule juu ya majabali, mpaka uwanja mzima ukawa unalia hivyo. Sahani zikaisha. Watu wakafunika kwa kawa, kwa vifuniko vya sufuria, kwa kofia, kwa upande wa khanga. Waliokosa kabisa walifunika kwa viganja. Majina yalitajwa, mengine kwa kilio, mengine kwa kicheko, na wengi walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Hata kijana aliyeumba "Mama Ananiita", katika koti lake linalometameta, alionekana akifunika kitu polepole kwa mikono miwili.

"Mama!" Koku alipiga kelele. "Mama, geuka!"

Minza aligeuka. Kisiki kilikuwa kinapanda. Kilipita kigoda, kikapita kiuno, kikapita kichwa cha mwenyekiti. Kilipita ile ya mvua na ya mawe, kikaifikia ya kumi na moja, zikasimama sawa kwa muda mfupi kama watu wawili wanaosalimiana mlangoni. Kisha ya tisa ikapita. Ikapita paa. Ikapita taa, ncha yake ikaingia gizani, na bado udongo ulikuwa ukipanda chini yake.

Kigelegele cha kwanza hakijulikani kilitoka meza gani. Cha pili kilitoka kwa mke wa muuza nyama. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuvihesabu. Watu walipanda juu ya benchi, wazee waliimba, mtu mmoja alipiga sufuria kama ngoma, na wale waliokuwa wakiulizia mahari sasa walikuwa wakiimba jina la Nyanzobe kwa sauti iliyotikisa vioo. Bituro alikuwa analia waziwazi, kijiko bado mkononi.

"Na wewe?" Minza alimuuliza Koku, akiinama kutoka jukwaani.

"Bibi yangu, Bukoba," Koku alisema, akifuta pua. "Na mimi mjinga nilisema sikuona kitu."

"Leo umesoma, mwanangu."

Minza alisimama wima. Furaha ilimjaa mpaka hakujua aiweke wapi, na chini ya furaha kulikuwa na maumivu kidogo, kwa sababu kitambaa kilikuwa chepesi na begani kilikuwa kimekaa miaka mingi. Alishika kipaza sauti.

"Nimeshuhudia," alisema.

Akakivua kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka mikononi mwa Bituro. Hakuona haja ya hotuba. Kule juu, kwenye ukumbi wa tisa, mwanga mweupe uliwaka mara moja, na sahani ile ikawa jiwe, na joto lake ndani.

Aliposhuka, uwanja ulimfungulia njia. Mwishoni mwa njia alisimama Nyanzobe, beseni chini, birika mkononi. Walitazamana. Hakuna aliyeomba msamaha. Maneno hayo yangekuwa madogo. Minza alinyoosha mikono, na wifi yake akammiminia maji, taratibu, kiganja hadi kiganja.

"Unamwekea nani?"

"Kaka yako."

Nyanzobe aliitikia kwa kichwa. Koku alikuwa ameshaleta sinia kutoka chumbani, na juu yake ile sahani ikiwa bado imefunikwa. Nyanzobe aliinua kifuniko kidogo tu, akachungulia kwa jicho moja, kwa ukali wa mtu anayekagua jiko la mke wa kaka yake.

"Kichwa umeweka," alisema. Akarudisha kifuniko. "Ungesahau kichwa, nisingekaa meza moja na wewe."

Akavuta benchi, akakaa.